Bucha Lenye Nakshi na Amana ya Muuza Nyama

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuwekea mipaka katika kuvipata. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, leo tunapenda tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huenda likaonekana dogo, nalo ni nyumba ya kuuzia nyama. Hatukusudii hukumu za kuchinja, kwani hizo zimekwishaandikwa na kusomeshwa sana misikitini na kwenye kurasa kama hii. Tunakusudia nyumba yenyewe: kuta zake, mlango wake, mapambo yake, na yule anayesimama ndani yake na kisu mkononi. Wapo watu waliowahi kuipamba nyumba ya nyama kama wengine wanavyopamba kasri ya mfalme. Baadhi ya nyumba hizo zipo mpaka leo, na wageni husafiri kutoka mbali kwenda kuzitazama. Basi tunajiuliza: wenyeji wa miji ile wamerithi nini hasa, mawe au kitu kingine? Na sisi tunaonunua nyama kila wiki, suala hilo linatugusa wapi?

Twende kwanza Uholanzi, katika mji wa Haarlem, ulio magharibi ya Amsterdam. Katikati ya mji huo pana uwanja mkubwa wa soko, na ubavuni mwa uwanja huo pamesimama kanisa kuu la kale. Karibu kabisa na kanisa hilo lipo jengo la matofali mekundu yaliyopitishwa mikanda ya mawe meupe, na ncha za kuta zake zinapanda kuelekea paani ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikiwa na pambo lake. Mgeni asiyejua angedhani ni nyumba ya gavana. Lakini akiinua macho ataona vichwa vya ng'ombe na vya kondoo vilivyochongwa kwa mawe vikimtazama kutoka ukutani, naye atafahamu kuwa hapo paliuzwa nyama. Jina lake kwa Kiholanzi ni Vleeshal, maana yake ni ukumbi wa nyama.

Ujenzi ulianza mwaka 1602 na ukamalizika miaka michache tu baadaye. Aliyeusanifu ni Lieven de Key, mwashi mkuu wa mji, aliyeshika kazi hiyo mwaka 1593. Huyu hakuwa mwenyeji wa Haarlem. Alizaliwa Ghent, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, na ni mmoja wa maelfu waliohama makwao katika zile zama za vita vya dini baina ya Wahispania na watu wa nchi za chini. Hata Frans Hals, mchoraji anayejulikana zaidi kuliko wote waliotoka Haarlem, alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Antwerp. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa mara nyingi tunasikia mgeni akisemwa kuwa ni mzigo kwa mji uliompokea, na hapa fahari ya mji imejengwa na muhajiri.

Lakini yapo makubwa zaidi ya hayo. Miaka thelathini kabla ya ukumbi huo kuanza kujengwa, Haarlem ilizingirwa na jeshi la Uhispania. Mzingiro ulianza Desemba 1572 na ukaendelea hadi Julai 1573, na kilichowafanya watu wa mji kusalimu amri ni njaa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1576, moto mkubwa ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Wazee waliokuwepo wakati vichwa vile vya ng'ombe vinapandishwa ukutani walikuwa wamewahi kuona kwa macho yao mji usio na chakula. Hatudai kuwa tumesoma nyoyo zao. Hata hivyo, kwa maoni yetu, si ajabu kwamba watu wa namna hiyo, walipopata nafasi ya kusimamisha jengo la fahari kwenye uwanja wao, walilisimamisha kwa ajili ya nyama.

Sheria ya mji ilikuwa kwamba nyama mbichi iuzwe ndani ya ukumbi huo tu, na sheria hiyo ikadumu mpaka mwaka 1840. Hapakuwa na kuuza uchochoroni, wala kuning'iniza paja la ng'ombe mlangoni mwa nyumba yako na kungoja wapita njia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika miji mingi ya pande zile. Ghent, alikozaliwa mwashi yule, walijenga ukumbi wao mkubwa wa nyama baina ya mwaka 1407 na 1419, na makusudio yalikuwa hayo hayo: nyama yote ikiwa chini ya paa moja, mkaguzi anaweza kuiona, na iliyoharibika haina pa kujificha. Ubavuni mwa ukumbi huo wa Ghent vikajengwa vijumba vidogo ambamo matumbo na viungo vya ndani viliwafikia maskini wasiomudu bei ya nyama. Antwerp nao walijenga wao kati ya mwaka 1501 na 1504, kwa matofali na mawe meupe yaliyopangwa kwa zamu. Mpango huo wa mistari wenyewe wanauita kwa jina la mafuta ya nguruwe, kwa namna mistari inavyofanana nayo. Msomaji asishtuke, jina ni lao na ukuta ni wao.

Na kuhusu vile vichwa vya mawe, tunajua kuwa wapo watakaouliza. Wanazuoni wetu wana maneno mengi juu ya sanamu za viumbe vyenye roho, na hapa si mahali pa kuyafungua. Inatosha kusema kwamba kwa watu wa Haarlem, ambao wengi wao wakati ule hawakujua kusoma, kichwa cha ng'ombe mlangoni kilifanya kazi ya ubao wa dukani.

Sasa tuje kwenye hoja. Wapo ndugu zetu watakaosema kwamba kuipamba nyumba ya nyama ni israfu tupu, kwamba damu na mifupa havihitaji nakshi. Hatukatai kwamba israfu ilikuwepo. Miji ile ilikuwa na fedha, na wenye fedha hupenda zionekane. Aliyeona majengo yaliyouzunguka uwanja huo hawezi kudai kuwa ni unyenyekevu uliowaongoza. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeona nusu tu. Kazi ya nyama ni kazi ambayo watu huipenda na kuikimbia kwa wakati mmoja. Kila mtu anataka nyama mezani, na ni wachache wanaotaka jirani mchinjaji. Ndiyo maana mahali pengi kazi hii husukumwa nyuma ya mji, kando ya jaa, chini ya bati lililotoboka, na kazi iliyosukumwa nyuma huzoea giza. Walioijengea nyumba katikati ya uwanja, mbele ya macho ya wakubwa na wadogo, waliitoa gizani. Muuza nyama aliyesimama chini ya nakshi zile alikuwa anaonekana na kila mtu, na mwenye kuonekana hupata taabu kughushi.

Waislamu hatukuhitaji kungoja mwaka 1602 kulifahamu jambo hili. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono wake ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini pana unyevu wakati juu ni pakavu. Mwenye mali alisema kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akamkemea kwa kughushi. Tuangalie vizuri: kosa la mtu yule halikuwa mvua, kosa lake lilikuwa kuficha. Ukumbi wa nyama uliojengwa vizuri, wenye madirisha na mwanga, ni njia ya kuiweka juu ile iliyo chini.

Na wala hatukuishia kwenye mawaidha. Katika karne ya 6 Hijria, katika nchi ya Sham, mwanachuoni Abdur-Rahman bin Nasr ash-Shayzari aliandika kitabu kizima cha kumwongoza muhtasib, yaani msimamizi wa soko, na humo akawawekea wauza nyama mlango wao. Ukiusoma utadhani umeandikwa na mtu aliyesimama kutwa nzima bucha. Mnyama asiburutwe kwa miguu kwa ukali, wala asichinjwe kwa kisu butu, kwani ni kumtesa. Damu na kinyesi visiachwe vikachafua njia mbele ya duka. Nyama isining'inizwe ikatokeza nje ya duka, isije ikagusa nguo za wapitao. Nyama ya mbuzi isichanganywe na ya kondoo. Ya mbuzi itiwe alama kwa zafarani, na mikia ya mbuzi iachwe mwilini mpaka nyama iishe, ili mnunuzi ajue anachonunua. Na jioni muuza nyama akimaliza kazi yake, anyunyize chumvi juu ya gogo lake la kukatia ili mbwa wasije wakalilamba usiku.

Hayo ndiyo tunayoyaona kuwa urithi wa bucha: chumvi juu ya gogo, mkia ulioachwa mwilini, kisu kikali. Yalipofika Haarlem yalivaa mawe na matofali, na kwingine yakavaa vigae. Nakshi ni vazi lake. Vazi zuri ni jema, lakini linaweza kubaki kwenye msumari hata baada ya mwenyewe kuondoka.

Na Haarlem mwenyewe aliondoka. Baada ya mwaka 1840 ukumbi ule haukuwa tena wa nyama. Ukageuzwa ghala la jeshi, baadaye nyaraka za serikali zikahifadhiwa humo, na hatimaye ukawa mahali pa maonyesho ya sanaa chini ya makumbusho ya Frans Hals. Vichwa vya ng'ombe bado vipo ukutani, lakini huwezi kupata ratili moja ya nyama ndani yake. Jengo limehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa, na tunawapongeza kwa hilo. Hata hivyo kilichohifadhiwa ni ganda.

Hildesheim, katika Ujerumani, kisa chao ni kikali zaidi. Chama cha wauza nyama cha mji huo kilijenga nyumba yake mwaka 1529, ya mbao tupu, ghorofa juu ya ghorofa, kila boriti ikiwa imechongwa. Tarehe 22 Machi 1945, vita vikikaribia kwisha, ndege zikaushambulia mji kwa mabomu na nyumba ile ikateketea yote. Katika miaka ya 1960 pakajengwa hoteli ya kisasa mahali pake. Lakini wenyeji hawakutulia. Hoteli ikavunjwa, na baina ya mwaka 1987 na 1989 nyumba ya wauza nyama ikasimamishwa upya kwa mbao, kwa michoro ya kale, maseremala wakijifunza tena namna za kuunga mbao walizokuwa wakizitumia babu zao. Mtu anaweza kusema kwamba hiyo si nyumba ile, ni nakala yake. Sisi hatuoni ubaya wa nakala. Tunaloliona ni kwamba katika juhudi yote hiyo, mbao zilirudi, michongo ikarudi, ghorofa za juu zikawa makumbusho ya mji, chini ikawa mahali pa kulia chakula, na wauza nyama hawakurudi. Jina lao tu ndilo lililobaki juu ya nyumba.

Na London nako mambo yanaelekea huko. Soko kuu la nyama la Smithfield, lililosanifiwa na Horace Jones na kufunguliwa mwaka 1868, lina mapambo ya chuma yaliyopakwa rangi za kuvutia, na mahali pale nyama na mifugo imeuzwa kwa mamia ya miaka kabla hata ya jengo hilo. Novemba 2024 mamlaka ya City of London iliamua kuachana na mpango wa kuwahamishia wafanyabiashara hao Dagenham, na badala yake soko lifungwe kabisa, wao wakiruhusiwa kuendelea hadi angalau mwaka 2028. Na majengo ya jirani, ya soko lilelile, yamekabidhiwa makumbusho ya mji. Tena makumbusho! Tunaanza kudhani kwamba mji ukitaka kumuaga mtu kwa heshima, humjengea makumbusho mahali alipokuwa akifanya kazi.

Je, haiwezekani jengo likabaki na kazi ikabaki? Inawezekana, na mfano mmoja uko katika mji ambao Waislamu wengi wanaujua kwa misiba yake kuliko kwa masoko yake. Sarajevo, katika Bosnia, ilijengewa ukumbi wa soko mwaka 1895, wakati nchi ikiwa chini ya utawala wa Austria na Hungaria, kwa mtindo wa kuiga majumba ya Italia ya karne ya 15 na ya 16. Watu wa huko huuita Markale, kwa kulilainisha neno la Kijerumani la ukumbi wa soko, kama Waswahili tulivyolilainisha neno bucha. Ndani yake huuzwa nyama na jibini. Kwa kuwa Waislamu wa Bosnia hawali nguruwe, ustadi wao wote wa kukausha nyama kwa moshi wameuelekeza kwenye ng'ombe, na nyama hiyo ndiyo huning'inia humo pamoja na soseji za ng'ombe.

Mji huo ulizingirwa tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996. Tarehe 5 Februari 1994 kombora liliangukia kwenye soko la wazi lenye jina hilo hilo la Markale, likaua watu 68 waliokuwa wakitafuta chochote cha kupeleka nyumbani. Tarehe 28 Agosti 1995 makombora mengine yakaanguka barabarani karibu na mlango wa ukumbi wenyewe, wakafa watu 43. Mwenyezi Mungu awarehemu. Baada ya hayo yote ingekuwa rahisi kuufunga ukumbi ule, kuweka picha ukutani na kuuza tiketi. Hawakufanya hivyo. Kumbukumbu za waliokufa zimewekwa, na meza za nyama zimerudi. Mama wa Sarajevo akienda kununua nyama ya futari huingia mlango uleule alioingia bibi yake, na anayemkatia nyama anamjua kwa jina. Huo kwetu ndio urithi uliokamilika.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatuna vichwa vya ng'ombe vya mawe, wala hatuvihitaji. Lakini Unguja tunayo Darajani, soko lililofunguliwa mwaka 1904, na paa lake jekundu ni alama ya mji hata kwa asiyewahi kuvuka bahari. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Tangu soko hilo lifunguliwe, nyama na samaki vimeuzwa humo, kizazi hadi kizazi, na mnada wake umewalea watoto wengi wa mjini kuliko madarasa mengine ya hesabu. Watu wakizungumza juu ya kuhifadhi majengo ya namna hii, husikia sana habari za paa, rangi na nguzo. Ni nadra kusikia habari za yule aliye ndani. Tunaogopa kwamba siku moja paa litakuwa limekarabatiwa vizuri kabisa, na chini yake patakuwa panauzwa vinyago na kofia za watalii.

Na upo upande wa familia, ambao pengine ni mzito zaidi. Katika nyumba nyingi za mijini nyama siku hizi inaingia ikiwa imegandishwa ndani ya mfuko, imekatwa vipande vilivyolingana, na juu yake pamebandikwa karatasi yenye neno halali. Hatusemi kwamba karatasi hiyo ni ya uongo. Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa ikhlasi. Lakini karatasi huwezi kuiuliza swali. Muuza nyama wa bucha la mtaani unaweza kumwuliza ni nani aliyechinja, mnyama alitoka wapi, muhuri wa mkaguzi uko wapi, na ukiona kidole kimelala kwenye mizani unaweza kumwambia, "Sheikh, toa kidole." Tumeonywa katika Suratul Mutaffifin juu ya wapunjao vipimo, na onyo hilo linahitaji macho ya mnunuzi pia. Mtoto ambaye hajawahi kufuatana na baba yake kwenye bucha hajui nundu iko wapi, hajui tofauti ya nyama ya mbuzi na ya kondoo, na hajui kwamba mnyama yule alikuwa na haki ya kisu kikali. Haya hafundishwi na mfuko.

Kwa hiyo kwa wazazi tuna ombi: mchukueni mtoto. Asubuhi ya siku moja katika wiki, aende akaone mizani, aone gogo, amsalimu mwenye bucha. Kwa wenye mabucha tuna ombi la pili, nalo ni lile la ash-Shayzari bila kupunguza: nyama ndani, damu isipite njiani, ya mbuzi ijulikane kuwa ni ya mbuzi. Mkiweza kuweka vigae vyeupe ukutani, wekeni. Vinaoshwa kwa urahisi na uchafu hauna pa kujificha juu yake. Mkitaka na nakshi juu ya mlango, mchongaji wa Kiswahili anajua maua na mistari ya kutosha bila kuhitaji kichwa cha ng'ombe. Na kwa wanaopanga ukarabati wa masoko ya zamani, kabla ya kuwaita wachora ramani, wakae kwanza na wauza nyama wenyewe wawaulize maji yaingie kutoka wapi, damu itoke wapi, mwanga upite dirisha gani, na mizani ielekezwe upande upi ili mnunuzi aisome.